Jina ni kama kare: usipolipa, mwingine anaingia

Kila mutu mwenye kufanya kazi mu migodi ya Katanga anajua sheria moja, hata kama hajafungua Code minier hata siku moja: kare haina baba. Leo iko yako, kesho iko ya mwingine. Kampuni inaweza kuwa na permi yenye muhuri na sinyatire, inaweza kuwa na makatapila na mafundi, lakini kila mwaka inapaswa kulipa haki ya kare zake, ile wanaita droits superficiaires. Kama hailipe, Serikali inaweza kuinyanganya permi. Na wakati kare inakuwa huru, Cadastre Minier haiulize nani aliikalia miaka mingi, wala nani alimwanga jasho mingi pale. Inaangalia nani amefika na kartasi zake mbele ya wengine. Wa kwanza kufika, wa kwanza kupewa.

Leo tunataka kusema juu ya kare ya namna ingine. Haina udongo wala mucanga, lakini inafuata sheria karibu ileile, na watu wengi wanaipoteza bila kujua. Ni jina ya intaneti, ile mafundi wanaita jina ya domeni.

Kwetu neno "siti" liko na maana mbili. Siti ni pale watu wanachimba. Siti ni tena ile ukurasa unafungua mu telefone juu ya kujua kama kampuni fulani inatafuta wafanyakazi, ao kama masomo ya mutoto imetangaza matokeo. Ile siti ya pili iko na pano yake ku mulango: ni jina yenye kumalizika na .com, ao .org, ao .cd, ile ya inchi yetu. Watu wengi, hata wakubwa wa kampuni na wa kooperative, wanafikiri kama mutu anainunua mara moja, inakuwa yake mpaka kufa, sawa vile mbuzi ao kitanda. Hapana. Ile jina haiuzishwe, inakodishwa. Unalipa kwa mwaka moja ao kwa miaka mingi, kwa.com unaweza kulipa mpaka miaka 10 mara moja. Siku tarehe inaisha, unapaswa kulipa tena. Bei ya kawaida ya .com ni kitu kama dola 10 mpaka 20 kwa mwaka. Kwa kampuni haifike hata bei ya mafuta ya jenereta kwa siku moja.

Sasa, kama haulipe, inakuwa namna gani? Tuseme paka juu ya .com, juu kila mwisho wa jina iko na sheria zake. Kwanza, yule aliyekuandikisha anaweza kukungojea kidogo, siku 45 kwa wingi. Mu ule wakati siti inaweza kuzimika, na barua za intaneti hazifike tena. Kisha anaitupa, na jina inaingia mu siku 30 za huruma: mwenyewe anaweza bado kuikomboa, lakini kwa bei ya juu. Nyuma ya ile kunabaki siku 5 ambamo hakuna mutu anaweza kuigusa, hata mwenyewe alie machozi. Siku ya mwisho inafutwa mu buku kubwa ya majina, na palepale inakuwa huru kwa dunia muzima.

Na dunia iko macho. Kuko kampuni, kama SnapNames na DropCatch, ambazo kazi yao ni kungoja majina yenye kuanguka. Mashini zao zinagonga ku mulango wa ile buku mara mingi mu sekunde moja, juu zikamate jina palepale inapoachiliwa. Kama wateja wawili ao watatu wanataka jina moja, wanafanya lanada, na mwenye bei kubwa anabeba. Hakuna kupanga mustari, hakuna kusema "nilikuwa hapa tangu zamani". Ni kama kreseri wanaongoja usiku ku mupaka wa siti wakisikia kama walinzi wanaondoka asubui. Tofauti ni hii: hawa hawavunje sheria yoyote. Jina imekuwa huru, wanaichukua.

Juu ya nini jina ya zamani iko na bei kuliko jina mupya? Juu iko na njia yenye kukanyagwa. Watu wanaijua. Siti zingine zinaionyesha kwa kidole. Google inaikumbuka. Iko ku makadi ya wakubwa, ku mulango wa lori, ku kartasi za bei, mu telefone ya wateja. Yule anaichukua anachukua pamoja na imani ya watu, na imani njo kitu cha bei kuliko yote. Wengine wanatia pale matangazo, ao michezo ya kubashiri. Wengine wanaita mwenyewe wa zamani na kumwambia: "Unaitaka? Lete dola elfu kadhaa." Na wengine, hawa njo tunaogopa, wanavaa nguo ya ule aliyeondoka na kuanza kujibu watu kwa jina yake.

Mutu asiseme kama hii ni mambo ya Wazungu. Imetupata sisi wenyewe, tena ku mulango mukubwa wa inchi.

Mwisho wa mwaka 2020, jina moja iliachwa bila kulipiwa: scpt-network.com. SCPT ni Société Congolaise des Postes et Télécommunications, posta ya Serikali, ile inachunga .cd yetu. Ile jina haikuwa siti ya kusoma habari. Ilikuwa jina ya mashini zenye kujibu wakati mutu, popote mu dunia, anauliza: siti fulani ya .cd iko wapi? Fikiri mulinzi ku bariere mwenye kuonyesha kila lori njia ya kufuata. Ile jina ilikuwa kiti cha ule mulinzi. Na kiti kilibaki bure.

Muswidi moja, Fredrik Almroth, wa kampuni ya usalama wa intaneti yenye jina Detectify, aliona kama jina iko karibu kuanguka. Aliogopa isishikwe na mutu mubaya. Wakati ilikuwa huru, akaiandikisha yeye mwenyewe, sawa vile mutu yeyote anaandikisha jina. Hakuvunja mulango, hakuiba funguo, hakulipa rushwa. Na ile tendo ndogo ilimupa uwezo ya kujibu kiasi ya nusu ya maulizo yote ya .cd. Kama angekuwa mwivi, angeweza kutuma watu ku siti za uongo zenye jina ya kweli ya Congo: siti ya banki, siti ya wizara, siti ya kampuni. Hakufanya vile. Mu Januari 2021 akaandikia wenye kuchunga .cd, kazi ikahamishwa ku jina ingine, scpt-network.net, kisha akatangaza habari wazi juu wengine wajifunze.

Tulipona, tunashukuru. Lakini tusidanganyane: tulipona juu mutu mwenye roho nzuri alifika wa kwanza. Inchi haiwezi kujengwa juu ya bahati ya namna ile. Tena .cd haiko kitu kidogo. Wazee wanakumbuka, wakati tuliitwa Zaïre, jina yetu mu intaneti ilikuwa .zr. Inchi ilibadilisha jina mu 1997, tukapewa .cd, na .zr ikafutwa mu 2001. Ile herufi mbili ni sehemu ya jina ya taifa, sawa vile bendera ku ofisi ya burgumestre. Hakuna mutu anaacha bendera ianguke juu alisahau kununua kamba.

Kusahau nako haiko ugonjwa ya Congo peke yake. Mu Desemba 1999, Microsoft, moja ya kampuni tajiri zaidi mu dunia, ilisahau kulipa dola 35 ya jina passport.com. Watu wengi wa Hotmail wakashindwa kufungua barua zao. Fundi moja wa Marekani, Michael Chaney, njo alilipa ile deni na kadi yake ya banki wakati wa Noeli, na mambo ikatembea tena. Kama tajiri vile anasahau, kooperative ya wachimbaji itasahau namna gani? Itasahau rahisi sana.

Na tunajua njia ambamo inapita. Mara mingi ni hii. Kampuni ndogo ao kooperative inaita kijana mwenye kujua kompyuta. Anatengeneza siti, anaandikisha jina kwa jina yake yeye, na adresi yake yeye, kwa kadi ya ndugu yake mwenye kuwa Ulaya. Wanamulipa, wanapiga foto, wanapiga makofi. Miaka miwili inapita. Kijana amepata kazi Kinshasa ao Lusaka, amebadilisha telefone. Kampuni zenye kuandikisha .com ziko na lazima ya kutuma ukumbusho, moja karibu mwezi moja mbele ya tarehe, ingine karibu juma moja mbele, na ingine nyuma ya jina kuisha. Ukumbusho unafika, ndiyo. Unafika mu adresi ambayo hakuna mutu anafungua. Presida wa kooperative anajua paka siku mununuzi anamuita na kumuuliza: "Baba, juu ya nini siti yenu inauzisha dawa ya nguvu za wanaume?"

Baba na mama muko nyumbani, mutasema: sisi hatuna siti, hatuna jina, tuko na telefone tu. Hii inatuhusu wapi?

Inawahusu hivi. Kila siku mu WhatsApp za familia kunapita matangazo ya kazi: kampuni ya migodi inatafuta machofere, walinzi, wapishi, mafundi wa umeme, bonyeza hapa, jaza kartasi, tuma franga za dosie kwa M-Pesa ao Airtel Money. Watoto wetu wamemaliza masomo, hawana kazi, wanajaza. Sisi waandishi tumezoea kuwaambia: "Angalia vizuri jina ya siti. Kama jina haiko ya kampuni, kimbia." Ni shauri nzuri, lakini haitoshe tena. Juu inaweza kuwa jina ni ileile, herufi kwa herufi, ile kampuni ilitumia miaka 8, kisha ikaiacha wakati ilibadilisha wenye hisa na kuchukua jina mupya. Migodi yetu inabadilisha wenyewe kila mara, na watu wa Kolwezi na Likasi wanajua vizuri kuliko sisi. Pano ya zamani inabaki mu kichwa ya watu. Mwivi hana lazima ya kutengeneza pano ya uongo. Anakodisha ile ya kweli.

Tena kuko jambo la barua, na ile ni mubaya kuliko siti. Mwenye kushika jina anashika na sanduku za barua zote za ile jina. Barua ambayo mugonjwa, mujane ao wakili anaendelea kutuma ku adresi ya zamani ya ofisi, sasa inaingia ku mutu asiyemujua, na ndani yake muko majina, tarehe za kuzaliwa, nambari za banki. Kama mufanyakazi alifungua akonti zake na ile adresi, mwenye jina mupya anaweza kuomba neno la siri mupya na likamufikia yeye. Mu 2018, mu Australia, mutafiti Gabor Szathmari alionyesha hatari ile: aliandikisha majina yenye yaliachwa na ofisi za mawakili, na barua za siri za watu zikaanza kumufikia. Hakuhitaji kuvunja kitu. Aliandikisha, akangoja.

Je, tuseme kama kila mwenye kuokota jina ni mwivi? Hapana, na tunataka kuwa wazi hapa. Mu intaneti kunaanguka majina kila siku, na mengi hayana mutu wa kuyalilia. Kijana wa Lubumbashi mwenye kuona jina nzuri imeachwa, akaiandikisha juu ya kuanza butiki yake ao gazeti yake, hajaiba kitu. Yuko kama yule aliyepata kare huru kwa njia ya sheria. Ubaya unaanza wakati anajifanya yule wa zamani, ao wakati anachukua jina ya kampuni yenye kujulikana juu ya kuikaba shingo. Kwa mambo ya namna ile, tangu 1999 kuko njia ya kushitaki bila kupita mu tribinali: unapeleka malalamiko, kwa mufano ku OMPI, Shirika la dunia la mali ya akili lenye kukaa Genève. Lakini kule, kesi ya jina moja mbele ya mwamuzi moja ni dola 1.500 ya kufungua mulango tu, wakili wako haiko ndani. Linganisha na dola 15 ya kulipa kwa wakati. Na yule mwenye hana marke ya biashara ya kuonyesha, mara mingi anarudia mikono mitupu.

Njo maana shauri yetu haianzie kwa yule anayeokota. Inaanzia kwa yule anayeangusha.

Kwa Serikali na SCPT, tunaomba jambo moja lenye kuonekana: orodha ya majina yote yenye kubeba kazi ya inchi, na kwa kila jina mutu wawili wenye kujulikana kwa kazi yao, tarehe ya kuisha, na feza yenye kulipwa mbele kwa miaka mingi. Tangu Machi 2023 inchi iko na Code du numérique. Ni vizuri. Lakini hakuna sheria inalipa fakitire peke yake. Tena kila wizara, kila jimbo, kila jengo la Serikali lenye kubadilisha jina ya siti yake, lichunge ile ya zamani pia. Kuiacha ni kuacha ofisi na mulango wazi, kartasi za watu ziko juu ya meza.

Kwa kampuni na kooperative: jina iandikishwe kwa jina ya kampuni, haiko ya kijana wa kompyuta, haiko ya presida, haiko ya bibi yake. Adresi ya kupokea ukumbusho isiwe ndani ya jina ileile, juu siku jina inazimika, ukumbusho nao unazimika. Tieni watu wawili wa kuupokea. Lipeni miaka mingi pamoja. Na tarehe iandikwe ku ukuta wa ofisi, pembeni ya tarehe za kadi za wachimbaji. Kadi ya kreseri inadumu mwaka moja, na hakuna kooperative inasahau kuifanya mupya, juu bila kadi polisi ya migodi itauliza. Jina ya intaneti haina polisi ya kuuliza. Njo maana inahitaji macho zaidi.

Kwa familia, tunasema hivi. Mbele ya kutuma franga ao kartasi ya mutoto, muulize kijana wa nyumba afungue ukurasa wa ICANN wa kutafuta majina, lookup.icann.org, aandike ile jina. Ni bure. Kwa majina kama .com, pale ataona tarehe jina iliandikishwa. Jina ikishafutwa na kuokotwa, tarehe yake inaanza upya. Basi kama tangazo linasema "kampuni yetu iko mu Katanga tangu miaka 20", na jina iliandikishwa mwezi uliopita, muko na jibu. Lakini tarehe ya zamani nayo haiko hakikisho, juu jina inaweza kuuzishwa mbele ya kufutwa, na tarehe ikabaki ileile. Kwa hiyo kuko sheria ya pili, yenye haina lazima ya kompyuta: kazi ya kweli haiombi feza. Kampuni inayokuomba franga juu ya kukupa kazi, hata kama jina yake ni ya kweli, pano yake ni ya kweli na muhuri wake unang'aa, imeshajionyesha yenyewe.

Wachimbaji wa hii inchi wamejifunza kwa machozi kama haki isiyochungwa inakwenda kwa mwenye kuamka mapema. Wamejifunza ku kare, ku siti, ku depo. Sasa ile somo imefika mu telefone. Kampuni, kooperative, masomo, kanisa, chama cha wastaafu, kila mwenye iko na jina mu intaneti, afungue leo aangalie tarehe. Asingoje kesho Muswidi mwingine mwenye roho nzuri.